Mtwara: Saruji ipo, zege linakosa maji

KIWANDA cha saruji cha Dangote kilipozinduliwa mkoani Mtwara Oktoba 2015, wengi waliamini kuwa tatizo la nyumba za kudumu katika pwani ya kusini limepata dawa. Hata hivyo, saruji pekee haitoshi. Uimara wa zege hutegemea pia maji yanayomwagiliwa baada ya fundi kukusanya vifaa vyake na kuondoka.

Zege halikauki kama nguo kambani, ijapokuwa ndivyo wengi wanavyodhani. Hugeuka jiwe kwa sababu saruji huungana na maji kikemikali, na kazi hiyo huendelea kwa wiki kadhaa, ndiyo maana nguvu yake hupimwa siku ya 28. Maji yakitoweka mapema, kazi husimama. Vipimo vya maabara vimeonyesha kuwa zege ambalo halikumwagiliwa kabisa huweza kuishia na takriban nusu ya nguvu ya lile la mchanganyiko uleule lililotunzwa kwenye unyevu wakati wote.

Mtwara nayo ina kalenda yake. Minada ya korosho kwa kawaida huanza Oktoba, na fedha zikishaingia mifukoni ndipo misingi na linta humwagwa. Ni miezi ya joto kali, kabla mvua hazijashika, na maji ni adimu, hasa katika uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba. Mwenye nyumba anayechagua kati ya maji ya kupikia na ya kumwagia nguzo ni rahisi kumwelewa. Asichoelezwa ni kwamba magunia yaliyoloweshwa na kufunikwa kwa nailoni hutumia maji machache kuliko ndoo za asubuhi ambazo jua huzimaliza kabla ya adhuhuri.

Kuanzia Mikindani hadi Msimbati na mdomo wa Ruvuma, hatari ni kubwa zaidi. Zege lililonyimwa maji hubaki na vitundu vingi katika tabaka la juu, lilelile linalokinga nondo. Chumvi ya upepo wa bahari hupenya humo, nondo hushika kutu, huvimba na kupasua nguzo. Kumwagilia maji ya bahari, au ya kisima cha chumvi, ni kuikaribisha kutu hiyo mapema.

Katika miradi mikubwa hupimwa vipande vya zege vya mchemraba. Lakini vipande hivyo hutunzwa ndani ya tanki la maji; vinathibitisha mchanganyiko, si nguzo iliyoachwa juani. Mtaani hata kipimo hicho hakipo.

Huko fundi hulipwa zege likishamwagwa, akaenda kwingine, na kazi ya maji huachiwa mlinzi au watoto wa nyumbani. Halmashauri zinazotoa vibali vya ujenzi zingeweza kuanzia hapo, kwa kuwashauri wenye nyumba wabakize sehemu ya malipo ya fundi hadi siku ya saba.