TAHARIRI: Kijana, waandae wadogo zako kwa Krismasi yenyewe, si kwa ununuzi

Msimu wa Krismasi umebisha hodi. Shule zimefungwa, maduka yameanza kutundika taa na nyota za karatasi, nazo nauli za kwenda mashambani ziko mbioni kupanda kama ilivyo ada kila Desemba. Wiki chache zijazo, wewe msomaji wetu utakuwa steji na begi mgongoni, ukingoja gari la kukufikisha nyumbani, iwe ni Kakamega, Kisii, Nyeri, Machakos au Taita.

Huko unakoelekea kuna watoto wanaohesabu siku. Ni wadogo zako, watoto wa dada na kaka zako, mabinamu waliozaliwa ukiwa tayari sekondari. Wanajua unakuja. Na ukipiga simu, swali lao la kwanza ni moja tu: "Utatuletea nini?"

Swali hilo hawakulizua wenyewe. Ni sisi tuliowafundisha. Tumewazoesha kwamba Krismasi ni nguo mpya, soda, keki, na picha za kupakia mtandaoni. Sasa mzazi asiye na pesa hujiona ameshindwa kuwa mzazi. Wengine hukopa kupitia simu ili mtoto asije akachekwa kanisani kwa kuvaa nguo za mwaka jana. Kisha Januari inafika na karo, sare na vitabu, na deni la viatu vya Krismasi bado linalipwa. Mnaoiita Njaanuari hamtanii.

Hatusemi watoto wasinunuliwe nguo. Hakuna aliyekulia Kenya asiyekumbuka harufu ya gauni au shati jipya asubuhi ya tarehe 25. Tunachosema ni kwamba nguo hainunui matayarisho. Mtoto anaweza kuvalishwa kuanzia kichwa hadi kidole na bado asijue siku yenyewe ni ya nani.

Kazi ya kumweleza si ya padri, pasta au mwalimu wa Sunday school pekee. Wala si ya mama peke yake, ambaye Desemba yote yuko shambani, sokoni au jikoni. Ni yako wewe kijana, kwa sababu ndogo tu: mtoto wa miaka sita humsikiliza kaka au dada mkubwa kuliko anavyomsikiliza mtu mzima yeyote. Ukicheza naye atacheza. Ukishinda umeinamia simu, naye atalilia simu.

Kanisa lenyewe limekupa muda wa kutosha. Kwa Wakatoliki, Waanglikana, Walutheri na wengine wengi, Krismasi hutanguliwa na Jumapili nne za Majilio. Kipindi hiki huanza Jumapili inayoangukia kati ya Novemba 27 na Desemba 3. Katika makanisa mengi huwashwa mshumaa mmoja kila Jumapili hadi inne yote iwake. Nyumbani huhitaji shada la dukani. Mishumaa minne ya kawaida kwenye sinia, na majani mabichi yaliyochumwa uani, yanatosha. Mtoto awashe mwenyewe ukiwa umemshikia mkono, kisha mwimbe wimbo mmoja na mwombe sala fupi. Mtoto asiyejua kusoma kalenda ataijua Krismasi kwa kuhesabu mishumaa iliyobaki.

Kisha kuna Injili ya Luka. Ina sura 24, na Desemba ina siku 24 kabla ya Krismasi. Sura moja kila jioni baada ya chakula, na mkesha unapofika watoto watakuwa wameyasikia maisha yote ya Yesu, kutoka kuzaliwa hadi kufufuka na kupaa. Asubuhi ya sikukuu mnarudi sura ya pili, na sasa wanajua huyu mtoto mchanga atakua kuwa nani. Tahadhari tu: sura ya kwanza ina aya 80. Usiwasomee yote kwa mpigo, watalala. Simulia kwa maneno yako, na umpe anayejua kusoma aya chache. Kama utafika nyumbani tarehe 20, chukua sura mbili za kwanza tu na uzigawe kwa jioni zilizosalia.

Ukitaka kuwachangamsha, waulize maswali. Mamajusi walikuwa wangapi? Wote watajibu watatu. Waambie watafute katika Mathayo: zawadi zimetajwa tatu, lakini idadi ya mamajusi haikutajwa. Na punda aliyembeba Mariamu kwenda Bethlehemu yuko aya gani? Hayupo. Mtoto aliyegundua jambo hilo mwenyewe hatalisahau, na atawasumbua watu wazima nalo mwezi mzima. Mwache awasumbue.

Lakini shughuli tunayoipendekeza zaidi ya zote ni pango. Inaaminika kwamba mwaka wa 1223, Mtakatifu Fransisko wa Asizi aliandaa hori, nyasi, ng'ombe na punda katika kijiji cha Greccio, Italia, ili watu wa kawaida waone kwa macho yao umaskini ambao Yesu alizaliwa ndani yake. Hakuhitaji sanamu za bei. Nawe huhitaji. Watoto wetu wanajua kufinyanga ng'ombe wa udongo kabla hata hawajaingia chekechea. Wapeleke mtoni au nyuma ya nyumba wachimbe udongo. Wafinyange mbuzi, kondoo, wachungaji, Yusufu na Mariamu. Ng'ombe wao akiwa na nundu kama wa kwetu, mwache na nundu yake. Boksi la kadi ndilo litakuwa zizi.

Hori lenyewe liache tupu. Hapa ndipo pana somo. Kila mtoto anapofanya tendo jema bila kutumwa, anaweka unyasi mmoja ndani ya hori. Amemchotea nyanya maji, unyasi. Amemwachia mdogo wake kipande kikubwa cha muwa, unyasi. Amemwomba msamaha aliyempiga jana, unyasi. Usiku wa tarehe 24, mtoto Yesu wa udongo ndipo analazwa humo. Anaulalia wema wa nyumba nzima.

Angalizo moja: usiyageuze mashindano. Usihesabu nyasi za fulani na fulani, na usiseme atakayeweka nyingi atapata soda. Hori ni moja na nyasi ni za wote. Na wewe pia uweke zako, wakuone ukiziweka.

Mti nao haukosekani. Katika sehemu nyingi za nyanda za juu, familia hukata tawi la saipresi na kulipamba kwa pamba na baluni. Watoto wanaweza kuongeza mapambo ya vifuniko vya chupa, maganda ya mbegu na karatasi za madaftari yaliyokwisha. Waambie waandike kwenye kila karatasi jina la mtu wa kuombewa: jirani mgonjwa, mjomba asiye na kazi, rafiki aliyehama shule. Kama mwaka huu nyumba yenu imempoteza mtu, jina lake nalo litundikwe. Krismasi ya kwanza bila baba au bila nyanya ni ngumu kwa mtoto, na huwa ngumu zaidi watu wazima wakijifanya hawakumbuki. Mwache alie akitaka, kisha mwendelee kupamba.

Kanisani kuna mchezo wa kuigiza na kwaya ya watoto. Jitolee kusaidia, maana walimu wa Sunday school huwa wachache na watoto huongezeka Desemba wageni wakirudi mashambani. Mtafutie nafasi yule mwenye haya, yule anayetembea kwa magongo, na yule aliyekuja kutoka mjini asiyejua lugha ya nyumbani. Mchungaji wa kondoo hahitaji maneno mengi. Na kabla hujawafundisha wimbo uliousikia kwenye simu, mwombe nyanya awaimbie ule alioimba yeye akiwa msichana, kwa lugha yake. Siku moja hatakuwepo wa kumwuliza.

Jikoni vilevile kuna darasa. Mpe kila mtoto donge lake la unga asukume chapati, hata ikitoka na umbo la ramani ya Kenya. Kisha sahani ya kwanza isiwe ya mezani kwenu. Ifunikeni, watoto waipeleke kwa jirani: mzee anayeishi peke yake, mama aliyejifungua juzi, familia ambayo moshi haukuonekana jikoni mwao tangu asubuhi. Mombasa na kwingineko pwani, majirani Wakristo na Waislamu wamezoea kupelekeana sahani wakati wa Krismasi na Idd, na mtoto anayetumwa na sahani hujifunza ujirani kabla ya kujifunza neno lenyewe. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Wale mnaopanga kuwapeleka watoto kutembelea makao ya mayatima, nendeni, lakini bila kamera usoni mwa wenyeji. Na mwahidi kurudi Februari, wakati hakuna anayewakumbuka. Ahadi hiyo mtoto wako ataikumbuka, hata wewe ukiisahau.

Sasa turudi kwenye lile swali: "Utatuletea nini?" Ushauri wetu ni usidanganye. Kama mwaka umekuwa mgumu, kama umetafuta kazi tangu Januari na hujapata, sema mapema. "Mwaka huu hakuna nguo mpya, lakini nakuja, na tutajenga pango pamoja." Mtoto anaweza kulia jioni moja. Lakini kinachomuumiza zaidi ni kuambiwa "subiri, subiri" hadi usiku wa mkesha, halafu asione kitu. Wazazi nao watashusha pumzi wakisikia kuna mtu mwingine nyumbani aliyeusema ukweli kwa upole.

Tunajua pia kuna miongoni mwenu ambao imani yenu imeyumba, na mlienda kanisani mara ya mwisho Krismasi iliyopita. Hatutakukemea. Tunakuomba tu usiwanyime wadogo zako kile ulichopewa wewe ukiwa na umri wao. Kuna mtu alikushika mkono ukawasha mshumaa. Kuna mtu alikaa nawe jioni nyingi ukikariri mstari mmoja wa mchezo, na siku yenyewe ukausahau mbele ya kanisa zima, naye akapiga makofi.

Hivyo, tiketi yako ukiikata, ongeza mishumaa minne kwenye begi. Ukishuka steji na watoto wakikukimbilia wakipapasa mifuko yako, waambie wakalete jembe na ndoo. Kuna udongo wa kuchimba kabla jua halijazama.