Injini moja, sheria moja: mashindano ya pikipiki Kindu yasiwe ya wenye pesa

Vijana wenzetu wa Kasuku, Mikelenge na Alunguli,

Mashindano ya pikipiki yako tayari katika mji wetu. Hakuna aliyeyapanga, hakuna aliyeyaruhusu, lakini kila mutu anayajua. Jioni inafika, vijana wawili wanaangaliana, wanaongeza mafuta hadi mwisho, bila kaske, katikati ya mama zetu wanaotoka soko. Akianguka mmoja, familia njo inatafuta pesa ya hospitali. Kwa hiyo tuache kujiuliza kama vijana watashindana. Tujiulize watashindana wapi, kwa sheria gani, na nani ataweza kuingia.

Kule Marekani na Australia kuna mchezo wa magari madogo yenye bawa juu, yanayokimbia kwenye duara la udongo. Wanayaita sprint car. Injini ya daraja la juu ni ya inchi za ujazo 410, ni kusema karibu lita 6.7, na moja peke yake inaweza kupita dola 50,000. Sasa mtoto wa fundi ataipata wapi? Njo maana watu wa viwanja vidogo walitengeneza madaraja mengine: 360, kisha 305, kisha magari madogo zaidi yanayotumia injini ya pikipiki ya cc 600. Viwanja vingine vinatumia injini inayotoka kiwandani ikiwa imefungwa kwa bolti za alama. Ukiifungua, umetoka mashindanoni.

Kuna sheria nyingine inayonifurahisha zaidi. Mbio zikiisha, mshindani anaweza kudai injini ya mwenzake kwa bei iliyoandikwa mbele. Tuseme bei ni dola 250. Ukitia dola 800 ndani ya injini yako ili uwapite wote, mwenzako anatoa 250 na anaichukua. Nani atatupa pesa yake hivyo? Sheria hiyo inalinda maskini bila polisi na bila hotuba.

Musifikiri ni shida ya wadogo tu. Wakubwa wa rali ya dunia nao waliona moto. Gari la daraja la Rally1 lilikaribia ero milioni moja. Mwaka 2025 wakaondoa mtambo wa umeme juu ya gharama, na kwa magari ya 2027 wakaweka kikomo cha ero 345,000. Chini yake waliunda Rally3, karibu ero 100,000. Kwa daraja hilo Mkenya kijana, McRae Kimathi, aliingia mashindano ya dunia ya vijana mwaka 2022. Kwetu ero 100,000 bado ni ndoto, lakini somo linaeleweka: gharama ikishuka, mlango unafunguka. Na tukumbuke Joginder Singh, fundi wa magari wa Kenya, aliyeshinda Safari Rally ya 1965 na Volvo PV544 iliyokwisha kutumika.

Turudi Kindu. Sisi tuko na nini? Tuko na pikipiki za 125 kila pembe. Tuko na mafundi wanaofufua injini ambazo wengine wangezitupa, ju kipuri kinachotoka Lubumbashi kwa treni au Bukavu kwa barabara ile munayoijua kinaweza kuchelewa sana. Na tuko na vijana wenye diplomu mkononi na siku nzima bila kazi. Mimi mwenyewe ni mmoja wao.

Pendekezo letu ni hili:

1. Daraja moja tu: 125, silinda moja, karbureta na pistoni za kiwanda. Fundi wa upande wa tatu atafunga injini kwa alama kabla ya mbio.

2. Bei ya kudai injini iandikwe na washindani wenyewe, wote wakiwa wamekaa pamoja.

3. Pikipiki ya kazi isiingie bila ruhusa ya mwenye nayo. Motari wengi wanaendesha mali ya mutu na kila jioni wanampelekea pesa yake. Injini ikipasuka siku ya yenga, siku ya kwanza watoto watakula nini? Bora garaji zitengeneze pikipiki za mbio kutoka zile zilizokufa.

4. Kaske kwa kila mutu, uwanja wa udongo uliofungwa, duara fupi, mchana. Barabarani, hapana.

Wengine watasema: barabara hakuna, umeme hakuna, nyinyi munafikiria michezo? Barabara tutaendelea kuidai. Lakini mwaka 2025 Leta yetu ilitia sahihi mikataba ya mamilioni ya ero na AS Monaco, AC Milan na FC Barcelona ili jina la Congo lionekane Ulaya. Kama pesa ya michezo ya wengine ilipatikana, kiwanja cha udongo na mutu wa huduma ya kwanza haviwezi kushinda jimbo la Maniema.

Hatuombi mheshimiwa anunue pikipiki kumi na kuziandika jina lake. Tumeona michezo inayoanza na kampeni na kufa nayo. Tunaomba meya na idara ya michezo ya jimbo watupe kiwanja, siku moja kwa mwezi na ruhusa ya maandishi. Kazi nyingine tutafanya wenyewe.

Mafundi, motari, wanafunzi, dada zetu wanaoendesha pia: anzeni kukaa kwa garaji za mtaa wenu, muandike sheria zenu, muzilete. Wa Alunguli, musingoje kuitwa. Mtumbwi unavuka kila siku.

Mwenye pesa nyingi akaribie. Lakini aje na 125 kama sisi wote.