Uyoga: Mgeni Aulize Wenyeji

Kila mvua zinapoanza, watoto wetu hurudi nyumbani na vikapu vya uyoga. Juma hili na tukitazame kitu hiki cha ajabu kabla hakijaingia chunguni.

Uyoga si mmea. Hauna majani ya kijani wala hautumii jua kujitengenezea chakula. Ni tunda la kuvu, kama embe lilivyo tunda la mwembe. Nayo kuvu yenyewe huishi mafichoni, udongoni au ndani ya gogo lililooza, katika umbo la nyuzi nyembamba. Tunda hilo lina sura nyingi: mwavuli mweupe, sikio la kahawia lililoshika gogo, kikombe chekundu msituni.

Lakini uzuri mkubwa umo vichuguuni. Wapo mchwa walio wakulima. Hukusanya majani makavu na vipande vya miti, hujenga kitu mfano wa sega la nyuki, na juu yake huotesha kuvu. Kuvu huulainisha ugumu wa mti, ndipo mchwa hula. Wataalamu hukadiria kwamba kilimo hicho kina umri wa miaka milioni 30 hivi. Jembe la binadamu ni la jana tu. Mvua ikinyesha, kuvu hiyo huchomoza uyoga juu ya ardhi. Aina moja ni ndogo kama kifungo cha koti, nayo huota kwa mamia. Nyingine, iliyopatikana Zambia na kupewa jina la kitaalamu mwaka 1980, kofia yake yaweza kufikia upana wa mita moja.

Sasa neno kwa jamaa za askari na watumishi, sisi tunaohamishwa mara kwa mara. Nilipofika kituo kipya niliona uyoga mweupe katika nyasi za uwanja, nikadhani ni ule wa kwetu. Tulikula jioni. Kabla ya saa tatu kupita, mimi na watoto tulikuwa tukitapika bila kupumzika. Jirani mmoja mzee aliyatazama mabaki, akageuza kofia moja: chini yake palikuwa na rangi ya kijani. Akasema, "Mwalimu, huu hapa hatuli. Mbona hukuuliza?" Sikuwa na jibu.

Sisi tulipona. Ziko aina nyingine ambazo hukaa kimya saa 6 au zaidi, kisha mgonjwa huharisha, hupata nafuu ya uongo, na kumbe ini linaangamia. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha wala kwa kukausha. Wala usidanganyike kwa kuwa mdudu ameula.

Basi, usiokote uyoga usioonyeshwa na mwenyeji anayeujua. Mtu akiugua, mpeleke hospitali mara moja, na uchukue mabaki. Kuuliza si ujinga.