Tuache kuandikia adrese zilizokufa

Vijana wenzetu,

Posho iliyopita mwenzetu mmoja alikamatwa saa za jioni. Usiku ule ule tuliandika komunike, tukaituma kwa waavoka, kwa waandishi wa habari na kwa watu wote tulio nao ndani ya lisiti. Tukalala tukisema kazi imeisha. Asubui tukafungua bwati: imejaa majibu, lakini si ya watu. Ni ya mashini. Adrese hii haiko. Adrese hii haiko tena. Tulipopigia simu mwandishi mmoja wa redio, akatuuliza: « Mulituma lini? » Akatafuta, akaikuta kwenye spamu, katikati ya matangazo ya loteri. Mwavoka naye vile vile. Siku nzima ilipotea, na mwenzetu alikuwa ndani.

Wengine walisema rezo ilikuwa mbaya. Wengine walisema tumefungiwa. Sisi tunasema kosa ni letu.

Ile lisiti ilianza na karatasi za mikutano, zile ambazo kila mtu anaandika jina, nimero na imeli akiwa amesimama, kalamu inakaribia kuisha. Tukazinakili kwenye mashini, « gmail.con » na yote. Kila mwaka tunaongeza, hakuna mwaka tunafuta. Na mnajua namna watu wa kwetu wanapata imeli: unaenda siber kwa ajili ya kujiandikisha iniversite, kijana wa siber anakufungulia, anakuandikia kode ya siri kwenye kipande cha karatasi, na kile kipande kinapotea mbele ya wewe kufika nyumbani. Kisha simu inaibiwa. Kisha Nyiragongo inalipuka, kama Mei 2021, watu wanakimbia bila kitu. Kisha vita. Mwandishi anabadilisha redio, shirika linafunga mlango na adrese zake zote zinafunga pamoja nalo. Na tangu Desemba 2023 Google ilianza kufuta konti za watu binafsi ambazo hazikufunguliwa kwa miaka miwili. Hesabuni wenyewe ni wangapi ndani ya lisiti yetu.

Sasa, shida si kwamba barua moja imekosa mwenyewe. Shida ni ile inafuata. Ukituma kwa adrese isiyokuwako, serveri ya upande ule inakujibu na kode, mara nyingi 550, na inaandika kwamba wewe ndiye uliyetuma. Fikiria mtu anaingia kwenye avenue yenu, anapiga hodi mlango kwa mlango akiuliza watu waliohama zamani. Nyumba ya kwanza mtamwelekeza. Ikifika ya kumi, shefu wa nyumba kumi ataitwa, na ata kama ana ujumbe wa kweli kwa mama wa nyumba ya mwisho, hatafika pale. Ni vile serveri zinafanya. Anayeandikia wafu wengi anafanana na mwizi anayetuma ovyo, na barua zake zote zinatupwa kwenye spamu, pamoja na zile za walio hai.

Kuko ata mitego. Wapiganaji wa spamu wanachukua adrese za zamani zilizoachwa, wanaziacha wazi, wanangoja. Mwenye adrese hayuko tena, kwa hiyo anayeiandikia bado hatunzi lisiti yake.

Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wamekaza zaidi kwa wanaotuma kwa wingi: malalamiko ya spamu yasifike 3 kwa barua 1000. Sisi bado ni wadogo, konti ya bure ya Gmail inatusimamisha kwenye watu 500 kwa siku. Lakini hukumu ya serveri haingoji uwe mkubwa.

Tunajua kamarade fulani hawatapenda. Watasema: tukifuta, tutabaki wangapi? Ile hesabu ndefu inapendeza kuonyesha wageni. Lakini ni hesabu ya nani? Wengine wanasema imeli ni ya wazee, tubaki WhatsApp. Sawa, lakini nimero nazo zinakufa, na kompani za simu zinazipatia watu wengine. Na mwavoka akitaka fishie ya kuweka kwenye dosie, anaomba imeli.

Kuko pia jambo la usalama, na hapa hatutanii. Mwaka 2013 Yahoo walitangaza kwamba adrese zisizofunguliwa kwa mwaka mmoja wanaweza kuzipatia watu wengine. Adrese ya shirika lililokufa, mtu mwingine anaweza kununua jina lake la intaneti na kupokea barua zake. Tunatuma mahali pa mkutano na majina ya watu. Tunamtumia nani?

Kwa hiyo tunapendekeza hivi. Jibu la 550 « haiko », adrese inafutwa siku ile ile. Kode zinazoanza na 4 ni za muda, tungoje. Aliyenyamaza mwaka mzima tumwandikie mara moja tu, tumwulize kama bado anataka, asipojibu, atoke. Waavoka na waandishi wakae kwenye lisiti yao peke yao, na tuhakikishe kwa simu kila miezi mitatu. Kwenye mkutano, atakayeandika imeli tumtumie neno moja pale pale, afungue mbele yetu. Lisiti za kununua, hapana.

(Na sisi mashomeri, tuangalie CV zetu. Kuko kati yetu wenye kuandika pale imeli ya mwaka wa kwanza wa iniversite, kode walisahau, kisha wanalalamika hakuna anayewaita.)

Lisiti ya waavoka na waandishi tumekwisha kuigawanya: majina 20 kwa kila mmoja, kupiga simu kuanzia kesho hadi siku ya posho. Asiye na yunite aseme leo jioni, tutachanga.