Dizeli Haikudanganya, Programu Ndiyo Iliyodanganya

Jamani, nimechoka kusikia kwamba injini ya dizeli ni chafu na dawa yake ni kuizika tu. Ushahidi unaotolewa kila mara ni kashfa ya Volkswagen ya mwaka 2015. Mimi kazi yangu ni kuandika programu za tarakilishi, si fundi wa magari, lakini hapa lazima niseme: kashfa ile ilikuwa ya programu iliyofungiwa mahali ambapo hakuna wa kuikagua. Na tatizo hilo bado tunalo.

Tuanze na injini yenyewe. Zamani pampu ya chuma ndiyo iliyoamua mafuta yaingie lini na kiasi gani. Mwaka 1997 ikaja Alfa Romeo 156, gari dogo la kwanza kuuzwa likiwa na mfumo wa bomba moja la pamoja, ambamo dizeli hukaa imebanwa kwa zaidi ya mara 1,000 ya kanieneo ya hewa tunayovuta. Tarakilishi ndiyo inayofungua na kufunga nozeli. Hunyunyiza kidogo kwanza ili kupunguza kelele, kisha mafuta yenyewe, na pengine tena baadaye ili kuchoma masizi yaliyonaswa kwenye chujio. Ndiyo maana dizeli za siku hizi hazingurumi kama mashine ya kusaga unga.

Kwa hiyo maendeleo ya dizeli yamesimama juu ya msimbo. Msimbo huo pia ndio unaoamua nani aumie. Ukichoma mafuta kwa joto kali, masizi hupungua lakini oksidi za nitrojeni, zile zinazodhuru mapafu, huongezeka. Ukirudisha sehemu ya moshi ndani ya injini ili kupoza moto, oksidi hupungua lakini masizi huongezeka na chujio huziba mapema. Kupata yote mawili inawezekana, ila ni gharama.

Volkswagen ilichagua njia ya mkato. Programu yake ilitazama usukani, mwendo wa gari, muda ambao injini imewaka na kanieneo ya hewa. Ikitambua kwamba gari liko kwenye mtihani wa maabara, inasafisha moshi. Likiingia barabarani, inaacha. Shirika la mazingira la Marekani lilisema oksidi zilifika hadi mara 40 ya kiwango kilichoruhusiwa. Magari kama milioni 11 duniani yalikuwa na programu hiyo. Mwandishi yeyote wa programu ataona kwamba huo ni mstari wa "ikiwa" na "vinginevyo" tu. Injini ileile, siku ileile, iliweza kuwa safi. Iliamriwa isiwe.

Na nani aliigundua? Si mkaguzi wa msimbo, maana hakuwapo. Ni watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia waliofunga vipimo nyuma ya gari wakaliendesha barabarani, na kutoa matokeo mwaka 2014. Walipima moshi kwa sababu programu ilikuwa chini ya kufuli.

Kilichoniudhi zaidi ni pale mkuu wa kampuni hiyo nchini Marekani alipoliambia Bunge, Oktoba 2015, kwamba ni wahandisi wachache wa programu waliofanya hivyo. Ati vijana wawili watatu, bila bosi kujua, kwenye mamilioni ya magari! Mwaka 2017 kampuni yenyewe ilikiri makosa mahakamani. Mwaka huohuo mhandisi James Liang alihukumiwa kifungo cha miezi 40. Sisemi hakustahili. Nasema msimbo ukiwa siri, lawama huteremka hadi kwa aliyebonyeza vitufe.

Wapo watakaosema msimbo ni siri ya biashara, na ukifunguliwa watu watauchezea. Sijasema utundikwe kwenye tovuti. Mkaguzi wa serikali ausome na atunze siri, kama anavyofanya mkaguzi wa hesabu. Na kuhusu kuchezea, nendeni gereji: yupo fundi mwenye laptopu anayefuta kazi ya chujio mnasubiri chai. Kufuli hilo linamzuia mkaguzi, mwizi anapita.

Wengine watasema Ulaya ilianza kupima magari barabarani mwaka 2017. Vyema kabisa. Lakini mtihani ukishajulikana, programu inaweza kuusomea.

Wala msiniambie magari ya umeme yatamaliza hoja. Humo ndimo programu ilimozidi: ndiyo inayokwambia betri imebaki na nguvu kiasi gani na imechakaa kiasi gani. Sisi Wakenya tunaonunua magari yaliyotumika ng'ambo tutaamini neno la nani?

Tunadai kuona chini ya boneti kabla ya kununua. Sasa tudai na msimbo ukaguliwe, kwa sababu ndio unaoendesha gari.