Dom Haina Bata? Shida Ni Sisi Tunaoikimbia Kila Ijumaa

Wadau, kuna staa mmoja wa Bongo Fleva, jina naliweka kapuni, alikuja Dodoma kupiga shoo. Akashuka, akaimba, akalala hotelini, asubuhi akaposti kwamba Dom ni jangwa, hakuna bata. Komenti zikajaa vicheko. Na mimi nilicheka, tena nikaongezea chumvi.

Ukweli usemwe, sikuwa na haki ya kucheka. Nina mwaka wa tatu Dom. Ofisi ilihamia huku, nikahamia nayo. Ila kila Ijumaa begi langu lilikuwa chini ya meza tangu asubuhi, jioni niko stesheni nasubiri SGR. Treni ilipoanza safari za huku mwaka 2024, daraja la kawaida lilitangazwa kwa shilingi 31,000. Kwenda na kurudi 62,000. Wikiendi nne, 248,000. Hapo hujahesabu bajaji wala soda.

Aliyenizindua ni mshikaji wangu anayefanya kazi Muscat. Wikiendi yao ni Ijumaa na Jumamosi. Hana hela za kutisha, lakini siku zake za mapumziko anatembea zake taratibu Mutrah, anazunguka sokoni, ananusa ubani, anaonja halua, anapiga stori na wazee wanaoongea Kiswahili cha Unguja. Kila wiki picha mpya. Siku moja akaniandikia, "Oya, na wewe nionyeshe Dom yako."

Nikafungua simu. Picha nilizonazo: geti la ofisi, siti ya treni, keki ya kumuaga bosi. Basi.

Iliniuma. Jamaa yuko ugenini anaishi kama mwenyeji. Mimi niko nchini kwangu, kwenye makao makuu ya nchi yangu, naishi kama abiria.

Wikiendi iliyofuata sikukata tiketi. Jumamosi nikaamka saa tatu, sina ratiba, nikatembea kwa mguu mpaka soko la Majengo. Nikamsalimia mama mmoja anayeuza zabibu, "Mbukwenyi," kwa lafudhi ya Temeke. Alicheka mpaka akashika meza, akanirudisha nirudie mpaka itoke vizuri. Akaniuliza nimehamia lini. Nikamwambia, huu mwaka wa tatu. Akanyamaza kidogo. "Miaka mitatu, mwanangu, na leo ndio unasalimia?"

Sikuwa na jibu. Nikanunua kilo mbili.

Mchana nikala ugali wa uwele na mlenda, usiku kuku wa kuchoma pale Chako ni Chako. Jumapili alfajiri nikapanda kile kilima cha mawe wanachokiita Lion Rock, nikakaa juu naangalia mji unavyoamka. Hakuna aliyenikimbiza. Nimekaa Dar miaka yote, sikumbuki lini nilikaa sehemu saa nzima bila kuangalia saa.

Sasa ukija Dom kutafuta Coco Beach, utakonda. Bahari hakuna. Bata la huku ni la taratibu, linataka mtu mwenye muda na mdomo wa kusalimia. Na wanaosema hakuna muziki, wamuulizie marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa hapa hapa, aliyezunguka dunia na zeze na ilimba, akatoa albamu chini ya Real World, lebo ya Peter Gabriel. Alifariki 2003, kabla baadhi ya mastaa wa leo hawajashika maiki. Na ngoma ya muheme wanaopiga ni kina mama. Nani alimwambia staa wetu? Hakuna, maana sisi tuliotakiwa kumwonyesha tulikuwa kwenye treni.

Kinachoniumiza zaidi ni hiki. Uamuzi wa kuhamia Dodoma ni wa 1973. Serikali ikaanza kuhama kweli kweli 2016, hadhi ya jiji ikaja 2018. Mafaili yamehama, viti vimehama, sisi bado. Halafu tunalalamika hakuna sehemu za kwenda. Nani afungue sehemu, wakati mshahara wa Dom unatumika Sinza? Mji unajengwa na watu wanaobaki Jumamosi.

Sijasema usiende Dar. Kama mume, mke, watoto au mzazi anayeumwa yuko kule, nenda, tena wahi. Nawasema wenzangu na mimi, tunaokwenda kulala kwa washkaji, tunakula foleni, tunarudi Jumatatu tumechoka kuliko tulivyoondoka.

Siku hizi mimi naenda Dar mara moja kwa mwezi. Wikiendi ijayo nina safari ya Kondoa, kuona ile michoro ya kwenye miamba ya Kolo ambayo UNESCO waliiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Wazungu wanapanda ndege kuja kuiona, mimi basi tu limenishinda miaka mitatu.

Mshikaji wa Muscat nilimtumia picha ya zabibu kwenye meza ya yule mama. Akajibu neno moja: "Hatimaye."

Haya wana-Dom, tusidanganyane. Jumamosi hii uko wapi? Kama kuna kona ya mji huu unaipenda na sijaitaja, itupie hapo chini. Na kama jibu lako ni "stesheni", sema tu, hapa hatuchekani tena.