Orodha ya Mwembe Yanga, safari hii ya soka

Kijana mwenzangu wa Temeke, Mwembe Yanga unapajua. Septemba 2007 Dk. Willibrod Slaa alisimama pale akasoma orodha ya vigogo 11, nchi ikatikisika. Hata kama wakati huo ulikuwa bado unavaa kaptula, umesimuliwa. Leo na mimi nina orodha yangu. Usiogope. Ni orodha ya timu zilizopanda kutoka ligi ya pili kwa ukubwa nchini, ile tuliyoizoea kwa jina la Ligi Daraja la Kwanza mpaka mwaka 2021 walipoipachika jina la Kizungu, Championship. Isome taratibu, halafu niambie kama humo ndani unajiona.

2019: Namungo na Polisi Tanzania. 2020: Dodoma Jiji na Gwambina, Ihefu ikapenya kwa mchujo. 2021: Mbeya Kwanza na Geita Gold. 2022: Ihefu tena, na DTB. 2023: JKT Tanzania bingwa, Kitayosce wa pili, Mashujaa kwa mchujo. 2024: KenGold bingwa, Pamba Jiji wa pili. 2025: Mtibwa Sugar bingwa, Mbeya City wa pili.

Haya, tuwachambue. Polisi ni polisi. JKT ni jeshi, na Mashujaa wa Kigoma nao ni jeshi. Dodoma Jiji, Geita Gold, Pamba Jiji na Mbeya City ni timu za halmashauri. KenGold ni dhahabu ya Chunya, Mtibwa ni kiwanda cha sukari. Namungo inatoka Ruangwa, lililokuwa jimbo la Kassim Majaliwa, ambaye timu ilipopanda alikuwa Waziri Mkuu, na uwanja wake unaitwa Majaliwa. Sadfa tu, bila shaka. Timu ya mtaa, yenye wanachama wanaochanga na kuchaguana, humo unaitafuta kwa tochi.

Tusidanganyane, sisemi askari asicheze mpira. Kijana aliyepata ajira jeshini kwa miguu yake nampongeza, maana wengine tuna miguu na ajira hatuna. Ninachouliza ni hesabu. Jirani zetu wa Kinondoni walipanda mwaka 2018 na KMC, timu ya manispaa. Mama lishe wa Tandale analipa ushuru kila siku, na timu inaendeshwa na manispaa hiyohiyo inayomtoza. Je, kadi ya uanachama anayo? Mkutano wa kumchagua mwenyekiti wa timu ameitwa lini? Anachangia bila kuulizwa, timu ikifungwa anaambiwa awe mzalendo. Huo ndio mtindo wao katika mambo mengi, na kwenye mpira wameuleta vilevile.

Lakini linaloniuma zaidi ni biashara ya majina. Ihefu ilikuwa ya Mbarali, mkoani Mbeya. Novemba 2022, pale Highland Estates, wakulima wa mpunga waliishuhudia ikiifunga Yanga 2-1 na kukata mnyororo wa mechi 49 bila kupoteza. Nchi nzima ikaijua Mbarali. Haikufika miaka miwili: mwaka 2024 timu ikahamishiwa Singida, ikageuka Singida Black Stars. Mkulima aliyeimba mpaka sauti ikakauka akabaki na jezi ya timu isiyokuwepo. DTB ya hapa Dar es Salaam ilipanda 2022, kabla ligi haijaanza ikawa Singida Big Stars, 2023 ikawa Singida Fountain Gate, 2024 ikawa Fountain Gate na makazi Babati. Kitayosce ilipanda 2023 ikaitwa Tabora United, na mwaka 2025 ikawa TRA United. Ndiyo, TRA ileile unayoifikiria. Mtoza kodi naye kapata namba uwanjani!

Hivi kweli mtu anunue nafasi kwenye ligi kama anavyonunua daladala, abadilishe rangi na ruti, abiria washushwe njiani?

Sisi Temeke tulionjeshwa dawa hii mapema. Waulize kaka zako wa Mbagala kuhusu Mbagala Market. Timu yenye jina la soko, jina la watu wanaoamka alfajiri. Mohammed Dewji akaichukua, ikawa African Lyon, mwaka 2009 ikaingia Ligi Kuu. Ikashuka, ikapanda, ikashuka tena mwaka 2019. Leo ukimuuliza kijana wa Rangi Tatu Lyon ni timu ya wapi, anakuangalia kama umemuuliza habari za Ufaransa. Azam angalau walikuja na timu yao, wakajenga na uwanja wao Chamazi, wakapanda 2008 na kutwaa ubingwa wa nchi msimu wa 2013/14 bila kufungwa. Hiyo ni mali ya Bakhresa na hawajamdanganya mtu kwamba ni ya wananchi. Naiheshimu, ila si yangu.

Na makabwela wakijaribu wenyewe? Msimu wa 2015/16, siku ya mwisho ya kundi C, Geita Gold ikaifunga JKT Kanembwa 8-0, Polisi Tabora ikaifunga JKT Oljoro 7-0. Mvua ya mabao ya ajabu kabisa. TFF ikachunguza, ikazishusha timu zote nne, na Mbao ya Mwanza ikapandishwa. Mwaka uliofuata Mbao hiyohiyo ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho na kuisumbua Simba mpaka dakika za nyongeza, ikalala 2-1. Ndiyo timu iliyokuwa inazimwa kwa magoli ya mezani! Mwaka 2020 fedha zikaishinda, na aliyeitoa kwenye mchujo ni Ihefu. Mwisho wa Ihefu nimeshakueleza.

Timu kama hiyo ikitaka kucheza mikoani, inacheza wapi? Kirumba, Sokoine, Kambarage, Ali Hassan Mwinyi, Jamhuri: viwanja vya CCM. Vilijengwa enzi za chama kimoja, wakati michango ilikuwa ya wote kwa sababu chama kingine hakikuwepo. Vyama vingi vikarudi 1992, wananchi tukagawanyika, viwanja havikugawanyika. Anayepigania kupanda daraja anamlipa kodi mwenye nyumba aliyejengewa nyumba na baba yake mpangaji.

Nataka mambo mawili tu. Kwanza, TFF iandike kanuni: timu ikihamishwa mkoa na kubadilishwa jina, ianze chini kabisa, ligi ya wilaya, kama tunavyoanza sisi. Pili, kila halmashauri yenye timu ibandike mapato na matumizi ya timu hiyo kwenye mbao za matangazo za kata, na robo ya viti vya uongozi wachague washabiki.

Na wewe usibaki kijiweni ukibishana Simba na Yanga tu. Uwanja wa Mkapa wa watu 60,000 uko Temeke, Uhuru uko Temeke, Chamazi iko Temeke, na bado timu ya mtaa wako inafanyia mazoezi kwenye vumbi. Diwani akija, mshike kwa upole umuulize: Mwembe Yanga ina hati, na hiyo hati ina jina la nani?